Watu Wanne na Kipoyi



Pengine unasoma habari hii ukiwa umekaa juu ya benchi la hospitali, ukingoja zamu yako. Pengine mchungaji anaisoma mbele ya kanisa nawe unasikiliza. Popote ulipo, tunataka kukuuliza swali moja. Nyumbani kwako, mtu akishikwa na ugonjwa mkali usiku huu, atafikaje kwa munganga?

Usijibu upesi. Usiseme tu, "Mungu atasaidia." Ni kweli, Mungu atasaidia. Lakini sisi tunauliza habari ya usiku huu. Nani ataamua kwamba mgonjwa aondoke? Nani atambeba? Franka ziko wapi? Tochi ina mawe? Nani atabaki na watoto?

Kama unajua majibu yote, asante kwa Mungu. Soma, kisha umfundishe jirani yako. Kama hujui, habari hii imeandikwa kwa ajili yako.

HABARI YA KAPERNAUMU

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, tunasoma habari ya mtu aliyepooza. Hakuweza kutembea. Bwana Yesu alikuwa mjini, ndani ya nyumba, na watu walijaa hata mlangoni. Bila shaka watu wengi wa mji ule walimhurumia yule mgonjwa. Bila shaka wengi walitumaini kwamba siku moja atapona. Lakini ni watu wanne tu waliomwinua na kitanda chake wakambeba.

Walipofika, njia haikuwepo. Je, walirudi nyumbani wakisema kwamba si mapenzi ya Mungu? Hapana. Walipanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamshusha mwenzao mbele ya Bwana. Angalieni neno hili: Marko anatuambia kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani ile ilionekana kwa macho. Ilionekana katika mabega yao na jasho lao.

Yakobo naye, katika sura ya 2 ya waraka wake, anatuuliza inafaa nini kumwambia mtu mwenye njaa aende kwa amani, lakini bila kumpa chakula. Basi na sisi tujiulize. Inafaa nini kumwambia mama mwenye uchungu wa kuzaa, "Utapona, mama," lakini hakuna mtu anayekwenda kutafuta kipoyi?

MTOTO ALIYEULIZA BABA YAKE SWALI

Katika mji wa Bukavu, Kivu Kusini, alizaliwa mwaka 1955 mtoto mmoja jina lake Denis Mukwege. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kipentekoste. Siku moja baba alikwenda kumwombea mtoto mgonjwa, na Denis alifuatana naye. Baba aliomba. Kisha wakaondoka. Njiani Denis alimwuliza baba yake sababu gani hakumpa yule mtoto dawa, maana yeye mwenyewe akiwa mgonjwa nyumbani hupewa dawa. Baba alimjibu kwamba yeye si munganga. Ndipo mtoto aliamua moyoni: baba ataomba, na yeye atatoa dawa.

Neno hilo halikubaki kuwa ndoto ya mtoto. Alisoma udaktari Burundi. Akafanya kazi katika hospitali ya misioni ya Lemera, milimani. Hapo aliona akina mama wakifika wamechoka, wamemwaga damu nyingi, wengine mtoto amekwisha kufa tumboni. Hakulia tu. Alikwenda Ufaransa kusoma kazi ya kutunza wanawake na kuzalisha, kisha akarudi Lemera mwaka 1989. Mwaka 1996 vita vilifika Lemera. Hospitali ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999, pamoja na kanisa la CEPAC, alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu. Nia yake ya kwanza ilikuwa akina mama wazae salama. Lakini vita viliwaleta hapo wanawake wengi waliotendewa ukatili, na Panzi ikawatunza. Mwaka 2018 Daktari Mukwege alipewa Zawadi ya Nobel ya Amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Hatukuandiki habari hii ili uende kujenga hospitali. Wewe pengine una shamba la mihogo na mbuzi wawili. Lakini angalia mchungaji na mtoto wake. Hawakugombana juu ya sala na dawa. Kila mtu alishika kazi yake. Hivyo ndivyo kijiji kinavyopaswa kufanya.

MFANO WA MAMA MMOJA

Sikilizeni mfano. Tuseme kuna mama katika kijiji kilicho mbali na hospitali, saa tano za mguu. Uchungu wa kuzaa ulimshika Jumatatu jioni. Usiku ukapita. Jumanne asubuhi mtoto hajatoka. Mama mkwe akasema, "Tungoje, hata mimi nilizaa kwa shida." Mume alikuwa machimboni, hakuna aliyejua siku ya kurudi kwake. Baba mdogo akasema yeye hawezi kuamua mambo ya mke wa mwenzake. Wakangoja.

Jumanne usiku mama alilegea. Ndipo wakatafuta vijana. Vijana wawili walikuwa sokoni, mmoja alikuwa amelewa. Kipoyi hakikuwepo; wakaanza kukata miti gizani. Mwenye pikipiki alitaka franka kwanza. Wakapita nyumba kwa nyumba kukopa. Walipoondoka, jogoo alikuwa amewika.

Jumatano mchana walifika. Hospitalini wakatafuta daktari, naye alikuwa katika operesheni nyingine. Wakaulizwa, "Nani atatoa damu?" Hakuna aliyejibu. Wakaulizwa franka, zilikuwa zimekwisha njiani. Mtoto alikuwa amekufa. Mama aliishi, lakini mkojo wake ulitoka bila kukoma, na mume aliporudi alimfukuza.

Huu ni mfano. Hatukutaja mtu wala kijiji. Lakini kila munganga aliyefanya kazi katika nchi yetu anaujua mfano huu, na amewaona akina mama wa namna hii kwa macho yake.

Ugonjwa huo wa mkojo unaitwa fistula. Kichwa cha mtoto kikikaza muda mrefu katika mifupa ya nyonga, kinabana nyama ya mama hata nyama inakufa na tundu linafunguka. Si laana. Si uchawi. Si alama ya dhambi ya mama. Ni alama ya kuchelewa. Tena unaweza kushonwa kwa operesheni, na hospitali ya Panzi imewatibu akina mama wengi wa namna hiyo. Kama uko na dada aliyejificha nyumbani kwa sababu hiyo, usimwache. Mpeleke.

KUCHELEWA KUNA SEHEMU TATU

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya akina mama wazazi. Walionyesha kwamba mama hufa kwa sababu ya kuchelewa mara tatu. Kwanza, watu wanachelewa kuamua. Pili, wanachelewa njiani. Tatu, mgonjwa anachelewa kupata matibabu hata akiwa amekwisha kufika. Rudi katika mfano wetu, utaona zote tatu. Kwa mtoto mwenye malaria ni vilevile. Basi tuziangalie moja moja, na tuone kijiji kinaweza kufanya nini.

1. Kuchelewa kuamua

Watu hawaamui kwa sababu hawajui alama za hatari, au kwa sababu wanaogopa kuamua. Basi zishike alama hizi moyoni.

Mama mwenye mimba apelekwe upesi akitoka damu. Akiumwa kichwa sana na kuona ukungu machoni. Akivimba uso na mikono. Akishikwa na kifafa. Akiwa na homa. Maji yakitoka kabla ya uchungu. Mtoto akiacha kucheza tumboni. Uchungu ukipita saa 12 mtoto hajazaliwa, usingoje tena. Kama jua limetua akiwa na uchungu, jua lisichomoze akiwa bado nyumbani.

Baada ya kuzaa, kondo la nyuma lisipotoka katika nusu saa, au damu ikijaza nguo moja baada ya nyingine, mbebe mara moja. Damu ya uzazi inaweza kuua mama katika saa 2 tu.

Mtoto mdogo apelekwe upesi kama hawezi kunyonya wala kunywa. Kama anatapika kila kitu. Kama ameshikwa na degedege. Kama amelegea na haamki vizuri. Kama anapumua kwa shida na kifua kinaingia ndani. Kama viganja vyake vimekuwa vyeupe. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku ileile, au kesho yake, si baada ya wiki. Malaria ikikamatwa mapema, vidonge vya siku 3 vinatosha. Ikipanda kichwani, mtoto anahitaji sindano, pengine na damu, na wengine hawaponi.

Mtoto akiwa na degedege, usimtie kijiko mdomoni. Usimmwagie dawa ya miti puani. Usimtie dawa ya miti kwa njia ya haja kubwa. Mlaze kwa ubavu, kisha twende.

Sasa, nani ataamua? Hapa tunawaambia akina baba neno gumu. Baba, ukienda machimboni au kwenye biashara, usiondoke na ufunguo wa maisha ya mke wako mfukoni. Mbele ya wazee wawili sema hivi: "Mimi nisipokuwepo, mama huyu na dada yangu wanaweza kuamua kwenda hospitali, nami nitakubali." Ni neno dogo. Linaokoa mtu.

Tena watu wengine wanampeleka mgonjwa kwanza kwa mfumu, kisha katika chumba cha maombi siku saba, kisha hospitalini. Ndugu, kuomba ni vizuri sana. Sisi katika hospitali tunaomba kila asubuhi, na daktari anaomba kabla ya kushika kisu. Lakini usimfungie mgonjwa ndani ili umwombee. Omba njiani. Mungu anasikia hata kwenye njia ya hospitali.

2. Kuchelewa njiani

Kongo yetu ina zoni za afya zaidi ya 500. Kila zoni inapaswa kuwa na hospitali kuu, na chini yake vituo vya afya. Makanisa yamesaidia sana kazi hiyo. Tangu mwaka 1981 Kanisa la Kristo lilishirikiana na serikali katika mpango ulioitwa SANRU kwa ajili ya afya vijijini. Kwa hiyo usifikiri kwamba kila ugonjwa unataka safari ya mbali. Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Munganga wa pale atakuambia kama ni kazi yake au ya hospitali, na atakuandikia karatasi. Kaa na karatasi hiyo vizuri, inakufungulia mlango.

Lakini hata kituo ni mbali kwa mtu anayekufa. Basi kijiji kiwe na kipoyi chake. Miti miwili migumu, mirefu kuliko mtu, na blanketi zito au magunia yaliyoshonwa vizuri katikati. Kisikatwe siku ya ugonjwa. Kifanywe leo, kiwekwe kanisani mahali pakavu, kila mtu ajue mahali pake. Kisitumiwe kubebea mihogo. Kila baada ya miezi mitatu vijana wakijaribu kwa kumbeba mtu mzima, kwa maana mchwa na panya hawalali.

Kapernaumu walikuwa watu wanne. Kwenu, kwa njia ya milima, andikeni watu 8: wanne wanabeba, wanne wanapumzika. Majina yabandikwe ukutani. Mmoja akisafiri, mwingine ashike nafasi yake. Mama mmoja afuatane nao daima, maana mgonjwa mwanamke anaona haya mbele ya vijana. Mama mwenye mimba alazwe kwa ubavu wa kushoto, si chali. Mgonjwa afunikwe, asipate baridi.

Kama pikipiki inaweza kupita, sema na mwenye pikipiki kabla ya siku ya shida. Mpatane bei ya mchana na bei ya usiku, na neno kwamba atalipwa na sanduku la kijiji. Akijua kwamba atalipwa, hatauliza franka mlangoni wakati mtu anakufa.

Katika sehemu nyingi za mashariki njia ya usiku ina hatari, kwa sababu ya watu wenye silaha. Tunalijua jambo hili. Ndiyo sababu tunasema: mama aliyepasuliwa katika uzazi wa mbele, au mwenye mapacha, au aliyewahi kumwaga damu nyingi, asingoje uchungu kijijini. Wiki mbili au tatu kabla ya siku zake, aende kukaa karibu na hospitali, kwa ndugu au kwa mtu wa kanisa. Makanisa ya karibu na hospitali, hii ni kazi yenu: mpokeeni. Kitanda kimoja na sufuria moja ya sombe vinaweza kuokoa watu wawili.

3. Kuchelewa hospitalini

Sehemu hii inatuhusu sisi wenyewe, wanganga na wauguzi, na hatutaficha. Wakati mwingine mgonjwa anafika na hakuna anayemwangalia. Wakati mwingine mtu anaulizwa franka kabla ya kuulizwa ugonjwa wake. Wakati mwingine dawa zimekwisha. Wakati mwingine mama amezaa vizuri, lakini anakaa siku nyingi kwa sababu ya deni, na kitanda chake kinatakiwa na mwingine. Mambo haya si mazuri. Katika kila hospitali ya kanisa, wagonjwa wana haki ya kusema, na wazee wa kanisa wana haki ya kuuliza. Semeni kwa heshima, lakini semeni. Katika vijiji vingi kuna kamati ya afya na wale wanaoitwa reko, wanaounganisha kijiji na kituo. Pelekeni neno lenu kwao.

Nanyi mnaweza kupunguza kuchelewa huko. Leteni kadi ya mimba na karatasi ya kituo. Semeni mapema uchungu ulianza saa ngapi na dawa gani mgonjwa amekunywa, hata dawa ya miti, hatutawagombeza. Tena njooni na watu wawili au watatu wenye afya walio tayari kutoa damu. Watu wanaogopa, wanadhani mtoa damu atakufa au atalegea daima. Si kweli. Damu inapimwa kwanza, inatolewa kidogo, na mwili unaitengeneza tena. Mchague watu hao leo, wala si wakati mama amelala juu ya meza.

SANDUKU LA MATIBABU

Sasa tunafika kwa neno ambalo watu wengi hawapendi: franka.

Mtu maskini akiugua anauza mbuzi. Anauza kwa bei mbaya, kwa sababu mnunuzi anaiona shida yake. Akikosa mbuzi anauza shamba. Hivyo ugonjwa wa wiki moja unaleta njaa ya mwaka mzima. Iko njia nyingine. Watu wengi wanaweka kidogo wakati wa afya, ili mmoja apate kingi wakati wa ugonjwa.

Jambo hili si jipya katika nchi yetu. Kule Bwamanda, kaskazini-magharibi, watu walianza mwaka 1986. Kila mwaka walilipa kidogo katika sanduku la hospitali. Mwanachama alipolazwa, yeye alilipa sehemu ya 20 tu katika 100, na sanduku lililipa 80. Mpango huo ulidumu miaka mingi, hata pesa ya nchi ilipoanguka vibaya. Na tangu mwaka 2017 Kongo ina sheria juu ya vyama hivi, vinavyoitwa mitiweli za afya. Uliza katika zoni yako kama mitiweli iko. Kama iko, ingia. Kama haiko, anzeni kidogo katika kanisa lenu.

Fanyeni hesabu. Tuseme nyumba 40 zinaweka franka 2,000 kila mwezi. Mwezi mmoja ni franka 80,000. Mwaka mmoja ni franka 960,000. Nani kati yenu peke yake ana franka hizo chini ya godoro? Lakini pamoja mnazo.

Kanuni za sanduku ziwe hivi:

Sanduku liwe na kufuli tatu na watu watatu wenye funguo. Angalau wawili wawe akina mama.

Kila franka inayoingia na kutoka iandikwe katika kitabu. Jumapili ya kwanza ya mwezi hesabu isomwe mbele ya watu wote.

Sanduku lisikopeshwe kwa mahari, wala kwa matanga, wala kwa biashara, wala kwa mchungaji.

Asiye na franka alete maharagi, mayai, au siku moja ya kazi katika shamba la sanduku. Mjane na yatima wasiachwe nje.

Ulizeni kwanza bei za hospitali, ili mjue sanduku litalipa nini na halitalipa nini.

Tena msilipe kitu ambacho ni bure. Dawa za kifua kikuu ni bure, na lazima zinywewe miezi 6 yote hata kama kikohozi kimeisha. Chanjo za watoto ni bure. Dawa za kupunguza nguvu za virusi vya ukimwi ni bure. Na tangu mwaka 2023 serikali ilianza mpango wa uzazi bila malipo, kwanza Kinshasa, kisha katika majimbo mengine. Uliza munganga wako kama umefika kwenu.

MANENO YA WATU NA MAJIBU YETU

Mtu mmoja anasema, "Kuweka franka za ugonjwa ni kuita ugonjwa." Tunamjibu: ulipoezeka nyumba yako wakati wa jua, uliita mvua? Mvua ingekuja tu. Wewe umekaa pakavu.

Mwingine anasema, "Nimelipa mwaka mzima na sikuugua. Franka zangu zimepotea." Tunamjibu: umshukuru Mungu kwa afya, kisha nenda ukamwangalie mtoto wa jirani anayecheza uwanjani. Franka zako ziko pale, zinakimbia.

Mwingine anasema, "Sisi ni maskini mno." Tunamjibu: ndiyo, na tajiri hahitaji sanduku. Ni maskini wanaohitaji kuungana. Nyinyi mnaoweza kujenga kanisa kwa matofali ya mikono yenu, mnaweza kufanya kipoyi.

Mwingine anasema, "Hii ni kazi ya serikali." Tunamjibu: ni kweli, serikali ina wajibu wake, na tusiache kuukumbusha. Barabara, dawa, na mishahara ya wanganga ni haki ya wananchi. Lakini mama mwenye uchungu usiku huu hawezi kungoja barabara.

KAZI YA WIKI NNE

Basi msiishie kusema, "Mafundisho haya ni mazuri." Fanyeni hivi.

Wiki ya kwanza: baada ya ibada, someni alama za hatari kwa sauti, mara mbili. Akina baba waseme mbele ya wazee nani ataamua wakiwa safarini.

Wiki ya pili: vijana wakate miti, akina mama washone. Kipoyi kiwekwe kanisani. Majina 8 yabandikwe ukutani, na majina ya watoa damu chini yake.

Wiki ya tatu: wazee wawili na mama mmoja waende kituoni na hospitalini. Waulize bei, waulize mitiweli, waulize vitu vya bure. Wapatane na mwenye pikipiki.

Wiki ya nne: sanduku lifunguliwe. Kila nyumba iweke ya kwanza. Andikeni.

Rudini sasa katika mfano wetu. Mama yuleyule, kijiji kilekile, saa tano zilezile za mguu. Uchungu unamshika Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi mama mkwe anasema, "Jua limechomoza, twende," kwa maana mwanawe alimpa ruhusa mbele ya wazee. Vijana wanachukua kipoyi ukutani. Katika barabara pikipiki inangoja. Saa sita mchana wako hospitalini, na karatasi ya kituo, na watu wawili wa damu. Daktari anapasua. Mtoto analia. Siku ya kurudi, mwenye kitabu anakuja na kulipa, na mama anatoka kwa mlango mkubwa, hana deni.

Mlima haukubadilika. Mto haukubadilika. Daktari ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba watu waliotumaini walijiweka tayari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Alama gani za hatari kwa mama mwenye mimba? Taja tano bila kusoma.
2. Katika kijiji chetu, kuchelewa kupi ni kubaya zaidi: kuamua, njiani, au hospitalini? Kwa sababu gani?
3. Nani katika kanisa letu hana mtu wa kumbeba? Mjane gani, mzee gani, mgeni gani?
4. Kipoyi chetu kiko wapi leo?

Tunaomba Mungu awape afya. Na siku ya ugonjwa ikifika, awakute mmekwisha kushika miti ya kipoyi mabegani. Amina.